Mdai Aliyekataa Kuombwa Radhi

Bi Hepzibah Tarbox alikuwa uani akikoroga sabuni, mvuke wa majivu na mafuta ya nguruwe ukimpiga usoni, wakati Konstebo Zaccheus Wadleigh alipofunga farasi wake kwenye uzio. Hakuacha kukoroga.

"Umekuja kunikamata au kunusa sabuni?"

"Nimekuja kuuliza maswali, Bi Hepzibah. Mahakama inakaa kesho."

"Najua inakaa lini. Mimi ndiye nitakayekaa katikati yake."

Kijiji kizima cha Kingsmarsh, makazi ya walowezi wa Kiingereza ng'ambo ya bahari, kilikijua kisa hicho. Katikati ya majira ya baridi, binti mdogo wa Hepzibah, Thankful, alianguka na kutokwa na povu mdomoni mbele ya nyumba ya ibada. Hepzibah, huku amempakata mtoto, alimnyooshea kidole jirani yake Damaris Pinnock mbele ya watu wote na kumwita mchawi. Haukupita muda, Gideon Pinnock, mume wa Damaris, akafungua kesi ya kashfa kwa niaba ya mkewe, maana mke hakuruhusiwa kudai mwenyewe. Hakimu Bradnock alimtuma Wadleigh akusanye maelezo kabla ya waamuzi, wanakijiji waliochaguliwa kuikata kesi, kuketi.

"Ulimwita mchawi?"

"Nilimwita. Hata waliolala makaburini walisikia."

"Ulimwona akifanya nini?"

"Amesimama na kapu lake la jibini, ananitazama kama ng'ombe anavyotazama mvua."

"Basi?"

"Konstebo, mtoto wako akianguka vile utamwita mchawi hata baba yako mzazi." Alikung'uta mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Thankful ameanguka tena tangu siku ile, na Damaris hayuko hata karibu. Shangazi yangu kule Uingereza alikuwa akianguka hivyohivyo mpaka uzeeni. Nilijua nimekosea kabla theluji haijaanza kuyeyuka."

"Kwa nini basi hukuomba radhi?"

Mwiko ukasimama. "Nani kasema sikuomba?"

Wadleigh aliegemea uzio.

"Nilikwenda kwa Gideon, kwenye karakana yake ya matandiko ya farasi. Nikamwambia, Jumapili nitasimama mbele ya kanisa zima nijiite mwongo, mkitaka nivae na shuka jeupe la toba. Akakataa. Tena kwa upole, kama anavyosema na farasi. 'Nenda nyumbani, Bi Hepzibah, ukaandae utetezi wako. Ukithibitisha kwamba ulichosema ni kweli, huna kosa.' Hivi tangu lini mdai akamfundisha mdaiwa namna ya kumshinda?"

Wadleigh alikuwa konstebo wa siku nyingi. Kesi za kashfa za Kingsmarsh zote ziliisha kwa namna moja: mdaiwa anaomba radhi, watu wanakunywa bia, nguruwe wanarudi kuvuka mipaka kama kawaida. Hakuwahi kumwona mdai aliyekataa radhi. Na kwa neno hili hasa, kukataa kulikuwa hatari, kwa sababu Hepzibah akithibitisha ukweli wa maneno yake, yeye ataachiliwa na Damaris atanyongwa.

"Damaris alikuwepo ulipoomba radhi?"

"Hakuwepo." Hepzibah alifuta mikono. "Na hilo si baya kuliko yote. Njoo ndani."

Kutoka kwenye pipa la chumvi alichomoa kifurushi, akakifungua mezani. Ndani yake mlikuwa na mwanasesere wa matambara. Kichwani ameshonewa nywele za rangi ya mtama mkavu, kama za Thankful, na pini tatu zimemchoma tumboni.

Wadleigh hakumgusa mara moja.

"Kaletwa na Patience Orne, mtumishi wa akina Pinnock. Anasema kamkuta chini ya jiwe la kizingiti, kwenye chumba cha maziwa cha Damaris." Sauti ya Hepzibah ilikuwa imeshuka. "Nilishatubu, Konstebo. Sasa nifanye nini? Nikimtoa kesho, nimemnyonga jirani yangu. Nikimficha, na kumbe ni kweli, nimemuua mwanangu. Mchukue. Sitaki alale tena nyumbani kwangu."

*

Damaris Pinnock alikuwa akikamua jibini, mikono wazi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mwanamke mrefu, mzito wa maneno, asiyejua kuchekacheka na wateja, na wengi hawakumpenda kwa hilo tu.

"Bi Damaris, kwa nini mlikataa radhi ya Hepzibah?"

"Radhi ipi?"

Alisema bila kugeuka, lakini mikono yake iliacha kukandamiza. Wadleigh akamweleza. Mwanamke akasikiliza mpaka mwisho.

"Gideon hajaniambia," alisema.

Ndipo Wadleigh akaweka mwanasesere juu ya meza. Damaris aliosha mikono, akaifuta, akamwinua na kumgeuza. 

"Katoka wapi?"

"Chini ya kizingiti chako."

"Hiki? Patience! Hebu njoo."

Patience Orne, mwanamke wa makamo aliyekuwa akifua nyuma ya nyumba, alipomwona mwanasesere alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Mama, sikutaka! Bwana ndiye aliyeniambia ninyanyue jiwe nifagie chini, eti kuna panya. Nikamkuta huyo. Nikampelekea Bwana. Akasema, 'Mpelekee Hepzibah, ndiye mwenye haki naye. Na usimsumbue Damaris.'"

"Hapa pana panya?" Wadleigh aliuliza.

"Sijawahi kumwona hata mmoja," Patience alisema. "Bi Damaris ana paka wanne."

Wadleigh alipiga magoti, akachomeka fimbo yake chini ya jiwe, akaliinua. Maji ya jibini yalikuwa yakitiririkia hapo siku zote za kazi. Udongo ulikuwa tope jeupe, unanuka uchachu, na msumari mmoja wa zamani uliokuwa humo ulikuwa umeliwa na kutu mpaka ukavunjika vidoleni mwake. Alizitazama zile pini tatu. Ziling'aa. Kitambaa hakikuwa na doa wala ukungu.

"Huyu hakulala hapa," alisema. "Aliwekwa hapa, na akatolewa muda si mrefu."

 Damaris alikuwa akitazama mlango wa karakana, ng'ambo ya ua.

Wadleigh alitoka, akasimama kando ya farasi wake. Akamgeuza mwanasesere uso chini na kuutazama mshono wa mgongoni. Mkewe alipomshonea shati, uzi ulipita juu ya ukingo wa kitambaa, sindano moja inakwenda na kurudi. Hapa kila tundu lilikuwa limetobolewa kwanza kwa msharasi wa kutobolea ngozi, kisha nyuzi mbili zikapishana ndani yake, moja kutoka kila upande, zimepakwa nta. Nani hushona tambara kama anashona ngozi? Alivuta hatamu ya farasi wake, iliyotengenezwa upya majira ya mapukutiko, akailaza kando ya mgongo wa mwanasesere. Nyuzi zililala kwa mteremko uleule. Mwishoni, fundo lilikuwa lilelile, limefungwa mara mbili na kurudishwa ndani lisionekane.

Hatamu hiyo aliishona Gideon Pinnock.

Wadleigh aliivua hatamu kichwani mwa farasi, akavuka ua.

*

"Karibu, Konstebo," Gideon alisema. Alikuwa mtu mdogo, nadhifu, mwenye sauti laini, aliyependwa na kila mwenye farasi. "Imekatika tena?"

"Haijakatika. Uliishona vizuri."

Akaiweka juu ya benchi, na mwanasesere kando yake, mishono juu.

Gideon alitazama. Akaokota msharasi, akaurudisha mahali pake.

"Nani mwingine anajua?"

"Kwa sasa, mimi. Kwa nini, Bwana Pinnock?"

"Umewahi kulala kitanda kimoja na mtu unayemwogopa?"

Gideon alipangusa vumbi la ngozi kwenye benchi.

"Watoto wetu wawili walifia kwenye susu, wangali wachanga. Tuliwazika wote wakati wa baridi. Yeye hakutoa chozi. Hata moja, Konstebo. Mama gani asiyelia?"

"Ndiyo ukamfungulia Hepzibah kesi?"

"Ningewezaje kumshtaki mke wangu mwenyewe? Watu wangesema nini? Lakini Hepzibah alilitamka lile neno mbele ya wote. Mungu alimpa ujasiri ambao mimi sikupewa. Nikaiona njia. Mimi ningedai, yeye angethibitisha, na mahakama ingelimaliza jambo bila mkono wangu."

"Mkono wako huu hapa." Wadleigh aligusa mshono.

"Nilimtafuta mwanasesere wake," Gideon alisema. "Darini, kwenye magodoro, nyuma ya mapipa. Najua yupo. Sikumpata, na siku ya kesi inakaribia. Ndipo nikashona wangu."

Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini aliazima nyundo ya jirani. Wadleigh alikuwa amewahi kumfunga mikono mtu aliyemchoma ndugu yake kisu, damu ikiwa bado mbichi, wala hakusita. Sasa alijikuta amerudi nyuma mpaka mgongo umegusa mlango.

"Ulitaka wamnyonge."

"Nilitaka kulala," Gideon alisema.

*

Hakimu Bradnock alikuwa mezani na chakula chake cha mchana, samaki wa chewa na njegere. Alisikiliza huku akitafuna, na kadiri Wadleigh alivyosimulia ndivyo alivyotafuna polepole. Mwisho aliweka kisu chini.

"Kwa hiyo mume wake mwenyewe anasema ni mchawi."

"Anasema anamwogopa, Mheshimiwa. Na ametengeneza ushahidi wa uongo."

"Hilo la mwanasesere nimesikia. Ni upumbavu. Lakini jirani anaweza kusema kwa chuki. Mume aliyelala naye miaka yote hiyo, aseme uongo kwa nini? Atakubali kuapa?"

 Wadleigh alikuwa amekimbiza farasi kuja kumwokoa mwanamke, kumbe amemletea hakimu shahidi wa kumnyongea.

"Kuna sheria nyingine, Mheshimiwa," alisema. "Ya koloni hili hili. Anayeleta ushahidi wa uongo kwa kukusudia ili mtu auawe, naye atauawa."

 Bradnock alisukuma sahani.

"Unaniambia kwamba kesho nikiufungua mlango, mmoja wa akina Pinnock anakwenda kwenye kitanzi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi hatuufungui. Gideon ataifuta kesi, hilo niachie mimi. Mwanamke anyamaze, yamekwisha. Kamwambie." Akanyoosha mkono. "Na hicho kitu nipe nikitie motoni."

Wadleigh alimrudisha mwanasesere mfukoni. "Hiki ni kielelezo, Mheshimiwa. Nitakileta mahakamani. Wewe utaamua huko mbele ya watu."

Akainama kwa heshima na kutoka kabla hajajibiwa.

*

Alimkuta Damaris palepale, Patience akiwa ameondoka. Akamweleza yote, bila kupunguza. Mwanamke alishika ukingo wa meza.

"Alisema kwa nini?"

"Kwa sababu hukulia. Watoto walipokufa."

Damaris alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. 

"Ardhi ilikuwa imeganda," alisema. "Gideon alianguka kwenye theluji analia, sururu ikamtoka mkononi. Mtoto yuko kwenye sanduku, upepo unavuma, hakuna mtu mwingine. Nikaiokota mimi. Nikachimba mimi. Na wa pili pia nikachimba mimi." Alifungua viganja vyake akavitazama. "Wewe ukishamchimbia mwanao, Konstebo, hayo machozi utayatoa wapi?"

Wadleigh alivua kofia yake. Hakuona la kufanya nayo, akaivaa tena.

"Hakimu anasema ukinyamaza yamekwisha."

"Na usiku nitalala wapi?"

Damaris alifunika jibini kwa kitambaa.

"Nikinyamaza nitabaki mchawi wa Kingsmarsh mpaka nife, na nitakula meza moja na mtu huyo. Kamwambie Hakimu sinyamazi."

"Waamuzi wanaweza kumwamini mumeo. Unajua maana yake?"

"Najua." Aliinuka, akafunga kilemba chake vizuri. "Nitakuja na nguo ya Jumapili."

*

Mahakama ilikaa ndani ya nyumba ya ibada. Hapakuwa na moto, na pumzi za watu zilionekana. Gideon aliposimama, alisema alichofundishwa.

"Mheshimiwa, naomba kuifuta kesi."

"Imekubaliwa," Bradnock alisema upesi.

"Mimi naomba isifutwe."

Damaris alikuwa amesimama. Minong'ono ilipita kwenye mabenchi kama panzi kwenye majani. Bradnock aligonga meza, lakini mkuu wa waamuzi, mkulima mmoja mzito wa masikio, alikuwa ameshainua mkono.

"Mwache aseme, Mheshimiwa. Kwa nini isifutwe, Bi Damaris?"

"Kwa sababu mnatafuta aliyetengeneza uchawi, naye kasimama pale."

Ikabidi Wadleigh aitwe. Aliweka mwanasesere na hatamu mbele ya waamuzi, akaeleza habari ya tope, pini na mshono. Vitu vilipita mkono kwa mkono. Wakulima waligeuza hatamu, wakageuza tambara. Mmoja alifungua mkanda wake mwenyewe, ulioshonwa karakana ileile, akaulinganisha, kisha akaushusha chini polepole kama kitu chenye sumu.

"Gideon," mkuu wa waamuzi aliuliza, "wewe ndiye uliyemshona?"

"Ndiyo."

Mtu nyuma alisema, "Ee Mungu," kwa sauti ndogo.

"Na unaamini mkeo ni mchawi?"

Bradnock alifunga macho. Wadleigh alimtazama Damaris, hakuwa ametikisika.

"Naamini," Gideon alisema.

 Wanawake wawili waliokuwa wameketi karibu na Damaris walivuta sketi zao upande.

"Mwulizeni," Damaris alisema, "kama aliwahi kuniuliza kwa nini sikulia tulipowazika watoto wetu."

"Uliwahi, Gideon?"

"Hapana."

"Mwulizeni nani aliyechimba."

Gideon alifungua kinywa, akafunga. Mkuu wa waamuzi alirudia swali, akidhani hakusikika.

"Yeye," Gideon alisema.

"Makaburi ya watoto? Yote mawili? Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nalia."

Hepzibah Tarbox, kwenye benchi la wadaiwa, alifunika uso kwa aproni.

Waamuzi walitoka nje kwenye baridi, wakarudi pua zimewaka. Maneno ya Hepzibah hayakuthibitishwa, walisema, na aombe radhi. Hepzibah alikuwa ameshasimama akiomba kabla hawajamaliza kusema. Kuhusu Gideon, waliona amefanya kwa hofu wala hakukusudia kuua. Bradnock alishusha pumzi, akasoma hukumu: achapwe viboko, asimame siku ya soko na mwanasesere amening'inizwa shingoni.

"Kisha arudi nyumbani kwake," aliendelea, "na mkewe ampokee, waishi kwa amani kama inavyowapasa wanandoa Wakristo."

Mchungaji akasema amina. Watu wakaanza kutafuta glavu zao, wengine wakitabasamu kwa jinsi jambo lilivyoisha salama. Wadleigh alidhani amesikia vibaya. Alimtazama karani, karani alikuwa akiandika maneno yaleyale. Alitazama mabenchi, uso hadi uso, akitafuta mmoja aliyeshtuka kama yeye.

Alimwona mmoja. Hepzibah alivuka katikati ya nyumba ya ibada, akamshika Damaris mkono.

"Twende, jirani. Kitanda cha Thankful kina nafasi."

"Nakoroma," Damaris alisema.

"Mume wangu pia. Utadhani uko kwako."

Wakatoka pamoja. Watu waliwapisha mlangoni, wengine zaidi ya ilivyohitajika.

"Konstebo!" Bradnock alikuwa amesimama. "Amri imesomwa. Mfuate yule mwanamke umrudishe nyumbani kwa mumewe."

"Nitamfuata, Mheshimiwa." Wadleigh alikuwa ameshamshika Gideon mkono juu ya kiwiko. "Lakini nina mfungwa wa kupeleka kwanza."

Jela ilikuwa mji wa jirani. Akachagua njia ya kinamasini, ambayo mwezi huo wa matope hakuna mtu aliyewahi kuimaliza kabla ya giza, na akaenda kwa miguu.